Flashi Yangu ya Kijani na Laptopu ya Ustadhi Faki

Wanangu mnaokaa na kompyuta za watu pale Chake, Wete na Mkoani, kabla sijasema lolote nakuombeni mkitazame kidole kidogo cha mkono wenu wa kulia. Hicho ndicho kinachobonyeza Enta. Changu kimefanya kazi miaka thelathini na ushei, kimenilisha, kimenisomeshea watoto, na mara moja kilikaribia kumvunjia ndoa mtu asiye na kosa. Nimestaafu sasa, na chumba changu cha kazi karibu na soko nimekikabidhi kwa wengine. Kidole bado ninacho, na bado sikiamini.

Nakuandikieni kwa sababu haipiti wiki bila ya mmoja wenu kunipigia simu: Bi Riziki, kuna kompyuta hapa inarusha matangazo, imeingia virusi. Kwanza tuache kuita kila kitu virusi. Virusi huvunja mlango. Haya matangazo yanayojitokeza bila ya kuitwa, ukurasa wa mwanzo unaojibadilisha, mistari ya vitufe usivyovijua inayokaa juu ya kivinjari, aghalabu hayavunji kitu. Hupiga hodi kwa sauti ndogo, na mtu aliye mbele ya kompyuta husema karibu bila ya kugeuza kichwa. Kazi yenu ya kwanza ni kujua nani alisema karibu, na lini. Mimi nilichelewa sana kuuliza swali hilo.

Nilianza kazi kwa mashine ya taipu, katika ofisi moja ya serikali, chini ya Bi Thureya. Babu yake alikuwa na mikarafuu kilima kizima. Yeye alibakiwa na miwani yake na adabu ya kukaa wima. Alinifunza kupiga taipu nikiwa nimefunikwa vidole kwa kitambaa, na kila nikikosea alinyanyua karatasi, akaitazama, akaichana bila ya kusema neno. Nilimwogopa, na nikampenda vile vile.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mpiga taipu hasomi. Macho yachukue herufi, vidole viziweke, akili ikae nje barazani ikungoje hadi saa ya kutoka. Karatasi za ofisi si zako, alisema, na neno usilolisoma hakuna atakayelitoa kinywani mwako.

Nililishika somo hilo hata likapita mpaka. Siku moja mkuu wetu alinisimamisha ukumbini akaniuliza nahamia lini Mkoani. Nikamwambia mimi sina habari ya kuhamia Mkoani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Barua ya uhamisho wangu ilikuwa imeondoka siku tatu nyuma, yenye jina langu, cheo changu na nakala tatu, na niliyeipiga ni mimi, bila ya kosa hata moja. Bi Thureya aliposikia hakucheka. Aliwaambia wenzangu kwamba hivyo ndivyo mpiga taipu anavyotakiwa kuwa. Uhamisho wenyewe ulikuja kufutwa, lakini sifa ile nilitembea nayo kifua mbele mwaka mzima.

Na kwa kweli ilinifaa. Ilipoingia miaka ya vyama vingi, nyinyi wengine hamjazaliwa, kisiwa chetu cha Pemba kiligawika vibaya. Watu walichagua duka la kununulia unga kwa kutazama mwenye duka yuko upande gani, na majirani wa ukuta mmoja walipitana bila ya salamu. Mtu anayekaa na karatasi za ofisi alikuwa anatafutwa na kila upande. Nilikuwa nikisimamishwa njiani, huyu ananiuliza leo yameandikwa nini, yule anataka kujua jina la nani limetajwa. Nami niliapa, na kiapo changu kilikuwa cha kweli: sijui. Mwisho pande zote mbili zilinichoka, zikaniacha nipite. Ndiyo nikaamini kwamba kutosoma ni kinga.

Baada ya miaka nikaacha ofisi, nikafungua chumba changu. Nilikuwa na kompyuta mbili, printa moja na feni. Nilianza kwa kuwapigia watu barua, kisha kutoa kopi, kisha kutengeneza, maana aliyeleta barua leo kesho alileta laptopu imekwama, na sikutaka kumwambia sijui. Nilijifunza kwa kuharibu. Ya kwanza niliyoifungua zilinibakia skurubu nne mkononi, nikazifunga kwenye karatasi nikamwambia mwenyewe ni za akiba.

Sasa sikilizeni namna tulivyokuwa tukifanya kazi, kwa sababu kosa lilitoka humo. Intaneti ilikuwa ya modemu, ile unayoichomeka ubavuni, na ilikuwa ya kubembeleza. Kupakua programu moja kulikuwa kazi ya asubuhi nzima, modemu nimeining'iniza dirishani kwa waya mrefu. Kwa hivyo hapana aliyekuwa akipakua mwenyewe. Napakua mimi mara moja, naitia kwenye flashi yangu ya kijani, kisha kila anayeitaka ananiwekea mezani kompyuta yake, namtilia. Flashi ile ilikuwa na kila kitu: ya kusomea vitabu, ya kuandikia Kiarabu, ya kufungulia mafaili yaliyobanwa. Watu waliiazima. Ilifika Wete, ilifika Mkoani, ilivuka maji mpaka Kisiwa Panza, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa ncha ya kanga. Mwalimu mmoja alisema ukiikosa flashi ya Bi Riziki bora uizime kompyuta yako ukalale. Nilijisikia mtu.

Ikatokea haja ya programu ya kugeuza sauti. Watu walikuwa na kaseti za kasida na darsa za masheikh waliokwisha kufariki, wanataka ziingie kwenye kompyuta na simu. Nikaitafuta ya bure. Ukurasa niliofikia ulikuwa na vitufe vitatu vya kupakulia, viwili vikubwa vya kijani vinavyometameta na kimoja kidogo cha maandishi tu chini. Nikabonyeza kikubwa. Ningelijua, ningelikibonyeza kile kidogo, maana vile vikubwa vilikuwa matangazo yaliyovaa nguo ya kitufe. Na ningelijua zaidi, ningeliuacha ukurasa ule wote nikaenda kwa waliotengeneza programu wenyewe.

Ikashuka. Nikaifungua. Ikaanza kuuliza maswali kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja na kitufe cha Neksti chini. Kidole changu kikapita: Neksti, Neksti, Neksti, Finishi. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Nikaitia ile setapu, faili la kuingizia programu, kwenye flashi ya kijani, na tangu siku hiyo nikawatilia watu.

Haikupita muda, kompyuta zikaanza kurudi. Hii inarusha matangazo ya kamari, hii ya dawa za kupunguza tumbo, hii ya wanawake walio nusu uchi. Hata yangu ilipoanza kurusha, nilisema imeambukizwa na zao. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiwatazama wenyewe kwa jicho la upande. Wanaume hasa. Niliwapa na mawaidha juu: mnaingia pasipoingiwa, kisha mnatuletea sisi tukusafishieni. Watu wazima, wengine na vilemba, walisimama mbele ya meza yangu wakiapa, nami nikitikisa kichwa. Kisha nasafisha, kompyuta inakuwa safi, na kwa wema wangu, kwa kuwa nimeondoa kila kitu, namrudishia ile programu yake ya kasida kutoka kwenye flashi ya kijani. Baada ya wiki mbili yuko mlangoni tena. Mchekeni Bi Riziki, mna haki.

Ustadhi Faki hakuwa mtu wa kuchekesha. Alikuwa kijana wa Vitongoji, mpole, mwenye sauti ya kusoma inayokufanya uache unachofanya. Alisomesha watoto jioni na kina mama asubuhi, na laptopu yake alinunuliwa na kaka yake ili ahifadhi sauti za wanafunzi. Ilipofika hafla ya kuhitimisha wanafunzi, aliazima projekta, akatundika shuka jeupe ukutani mwa madrasa, akataka wazee wasikie na waone watoto wao wakisoma. Modemu ilikuwa imechomekwa tangu asubuhi na hapana aliyeifikiria.

Mimi sikuwapo, lakini nimesimuliwa na watu wengi na wote wamesema namna moja. Mtoto wa kike yuko katikati ya kusoma sura, na juu yake pale kwenye shuka likafunguka tangazo, mwanamke karibu na uchi, mkubwa kuliko mlango. Ustadhi akakimbilia kulifunga. Likafunguka jengine. Akafunga, likafunguka la tatu. Kina mama wakafunika nyuso za watoto kwa kanga. Mzee Kombo, mwenyekiti wa kamati ya madrasa, alinyanyuka kwenye mkeka wake akauchomoa waya wa projekta ukutani, na hafla ikaishia hapo, biriani halijapakuliwa.

Mnajua watu wanavyoongea. Ilipofika alasiri ya siku ya pili, Ustadhi Faki alikuwa mtu anayetazama uchafu kisha akasomesha watoto. Walioona haya kusema hivyo walisema kompyuta haileti isipokuwa ilichozoea. Na kwa kuwa ule mgawanyiko wa vyama ulikuwa haujapoa, wengine wakaanza kuhesabu Ustadhi yuko upande gani na mwenyekiti upande gani, na jambo likazidi kuvimba. Mkewe, Time, alivumilia siku nne za kunyamaziwa kisimani, kisha akarudi kwao Chokocho. Kamati ikapanga kukaa Ijumaa baada ya sala, na kila mtu alijua itakaa kwa ajili ya kumuondoa.

Jumatatu ya wiki hiyo, kamati haijakaa, Ustadhi alikuja kwangu, laptopu ameizungushia msala wake wa kusalia. Alikaa kwenye benchi. Nikamwambia ailete niisafishe, na nakiri kwamba nilikwisha kumhukumu kama nilivyowahukumu wenzake. Akaizuia kwa mkono.

"Usinisafishie kwanza, Bi Riziki," alisema. "Na mie sikuja unitetee. Nataka unambie kitu hichi kimeingia vipi, na nani kakitia."

Katika miaka yangu yote hapana aliyewahi kuniuliza hivyo. Kila mtu alikuwa akisema ondoa. Nikavua miwani nikaifuta, nikakaa kusoma.

Fanyeni kama nilivyofanya siku ile. Nilichomoa modemu kwanza, ili matangazo yasipate pa kuchukulia. Nikaingia kwenye Kontroo Paneli, kwenye orodha ya programu zote zilizomo. Juu ya orodha kuna kichwa kinachosema tarehe ya kuingizwa. Ukikibonyeza, programu zinajipanga kwa siku zao. Hapo ndipo siri ilipo, wanangu. Mgeni wa namna hii haji peke yake, huja ameongozana na mwenyeji. Nikapeleka macho chini taratibu. Nikakuta majina matatu nisiyoyajua, moja linajidai kuongeza kasi ya kompyuta, moja linajidai kutafuta bei nafuu, la tatu halina hata maana. Yote matatu yaliingia siku moja. Na siku hiyo hiyo iliingia programu ya kugeuza kasida.

Nikamuuliza Ustadhi hii ya kasida alitiliwa na nani. Akanitazama. Akasema kwa upole kwamba nimemtilia mimi, siku ile aliyoniachia laptopu hapo mezani, adhana ikalia, akaenda msikitini kusali adhuhuri. Aliporudi alikuta tayari. Alisema hata alimsifia mkewe namna Bi Riziki alivyo na mkono mwepesi.

Nikamwambia aniachie laptopu siku chache. Alipotoka nikafunga mlango mchana ule ule, jambo nisilolifanya hata siku ya mvua. Nikachukua kompyuta yangu ya pili, ile ya kukunja, nikaichomeka flashi ya kijani, nikaifungua ile setapu. Safari hii mikono nikaiweka mapajani. Nikasoma ukurasa wa kwanza mpaka mwisho, kamusi ubavuni. Ukurasa wa pili ulikuwa na njia mbili: moja imeandikwa ni ya kupendekezwa, imekwisha chaguliwa; nyengine imefifizwa rangi, ni ya kujichagulia mwenyewe. Nikachagua ile iliyofifizwa. Vikatokea visanduku vitatu, kila kimoja kimekwisha tiwa alama ya vema, na mbele yake maneno madogo: nakubali kuletewa matangazo, nakubali ukurasa wangu wa mwanzo ubadilishwe, nakubali kuongezewa hiki na kile. Yote yalikuwa yameandikwa. Hapana aliyenificha kitu. Nilikubali mimi, kwa niaba ya nusu ya kisiwa, kwa kidole.

Nikalia. Nililia kwa ajili ya wale wote niliowatazama kwa jicho la upande.

Kisha, nisikufichieni, shetani akaja akakaa kwenye benchi. Akaniambia isafishe laptopu, mwambie Ustadhi ni virusi vya intaneti, nani atajua? Nikisema kweli, nani tena ataniletea kompyuta yake? Nilikwenda na mawazo hayo mpaka kwa Bi Thureya. Alikuwa mzee sana wakati huo, haoni vizuri, lakini bado amekaa wima. Nikamhadithia yote, na mwisho nikamtupia yeye sehemu ya lawama. Nikamwambia ndiye aliyenifunza nisisome.

Hakukasirika. Alipapasa mkono wangu mpaka akakipata kile kidole.

"Mie nlikufunza usisome siri za watu," alisema. "Sikukufunza usisome unachokikubali weye mwenyewe. Umechanganya mambo mawili, mwanangu. Nenda kayatenganishe."

Nikaenda Vitongoji Ijumaa. Nilichukua laptopu ya Ustadhi nikiwa bado sijaisafisha, kompyuta yangu ambayo niliifuta ikawa safi kabisa, modemu na flashi ya kijani. Kamati walikuwa wanaume kumi na mmoja kwenye mkeka, na Ustadhi Faki pembeni, ameinamisha kichwa. Niliomba ruhusa niseme kabla hawajasema wao. Mzee Kombo hakupenda, lakini aliona haya kumkatalia mwanamke wa umri wangu aliyekuja kwa miguu yake.

Nikawaonesha kompyuta yangu. Nikafungua kurasa mbili tatu, hakuna tangazo. Nikaichomeka flashi, nikamwomba Mzee Kombo asogee yeye mwenyewe aitie programu ya kasida. Akasema hajui. Nikamwambia ni rahisi, abonyeze pale penye Neksti kila anapopaona. Akabonyeza. Alipoona inakubali akapata moyo, akabonyeza kwa nguvu, Neksti, Neksti, mpaka Finishi, na akageuka kuwatazama wenzake kama aliyefaulu mtihani. Nikachomeka modemu, nikamwomba afungue ukurasa wowote.

Mungu ni mwenye kusitiri. Tangazo la kwanza lililotoka lilikuwa la dawa ya upara. Mzee Kombo hana unywele hata mmoja chini ya kofia yake, na kila mtu pale alilijua hilo. Hapana aliyethubutu kucheka. La pili likawa la kamari. Lilipotoka la tatu, la aina ile ile iliyotoka siku ya hafla, niliikunja kompyuta haraka, lakini walikwisha kuona.

Mzee Kombo alibaki ameshika goti lake.

"Kwa hivyo mie hapa nimeyataka haya?" aliuliza.

"Hukuyataka, Mzee. Umeyakubali bila ya kuyasoma, kama nilivyofanya mie. Ustadhi hata hayo hakufanya. Yeye kaenda kusali, kaniachia laptopu yake, na aliyemtilia uchafu ni mie kwa nkono wangu."

Nikawaeleza kuwa flashi ni yangu, imezunguka Pemba nzima, na pengine hata kwao majumbani imefika. Hapo wawili walitazamana, na mmoja akasema polepole kwamba laptopu ya mwanawe nayo ina mambo hayo, alikuwa akiona haya kusema. Mwengine akasema na yake pia. Ikawa hivyo mpaka wakafika wanne. Walikuwa wa pande zote mbili za siasa, na aibu yao ilikuwa moja.

Kisha nikaisafisha laptopu ya Ustadhi mbele yao, nikitaja kila hatua kwa sauti. Zile programu tatu za kigeni nikaziondoa moja baada ya moja, na zilipouliza kwa Kiingereza kizuri kama kweli nataka kuziaga nikasoma vyema jibu kabla ya kubonyeza, maana nyengine huweka kitufe cha kubaki mahali unapotarajia cha kuondoka. Nikaiondoa na ile ya kasida iliyowaleta. Nikaingia kwenye kivinjari, kwenye viongezo vyake, nikafuta nisivyovijua. Nikarudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafutia. Nikabonyeza alama ya kivinjari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua sifa zake, na pale penye njia ya programu nikakuta mwishoni imebandikwa anwani ya ukurasa wa matangazo. Mkia huo watu wengi huusahau, kisha hushangaa kwa nini wamesafisha na mambo yamerudi. Nikaukata. Nikatazama programu zinazojiwasha kompyuta inapowaka, na kazi zilizopangiwa saa zake. Mwisho nikapitisha programu ya kusafishia, niliyoichukua kwa watengenezaji wenyewe. Tangazo likikwambieni kompyuta yako ni chafu bonyeza hapa isafishwe, huyo ndiye mwizi anayejitolea kulinda nyumba. Nikazima, nikawasha, nikafungua kurasa. Kimya.

Mzee Kombo alinyanyuka, akaenda mpaka alipokaa Ustadhi Faki, akamshika mikono yote miwili akamwomba radhi mbele ya watu. Kisha Mzee akasema kumfuata Time Chokocho ataenda yeye mwenyewe, kwa kuwa waya aliuchomoa yeye. Nikasema nami naenda, kwa kuwa mgeni nilimkaribisha mimi.

Tulikwenda Jumapili. Wazazi wa Time walitupokea kwa heshima na baridi kidogo. Mzee Kombo akaeleza, nami nikarudia niliyoyasema mkekani, mara hii nikiwa nimemwelekea Time. Alinisikiliza macho chini, mikono kwenye mapaja. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Na ungelinyamaza, Bi Riziki, nani angelijua?"

"Hapana ntu," nikamwambia. "Mie tu."

Kisha akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa buibui lake na mkoba mkononi.

Watu waliniuliza kama nilipoteza wateja. Mwezi wa kwanza, ndiyo. Mimi mwenyewe sikuwangoja. Niliandika kwenye daftari kila niliyemkumbuka kumtilia programu ile, nikazunguka nikiwasafishia bure na kuwaomba radhi kwa zile hotuba zangu. Wengine walinicheka, wengine walinipa mihogo. Kisiwa Panza nilikaa siku mbili, nikarudi nimefungiwa pweza. Baadaye walirudi wengi kuliko mwanzo, kwa sababu walijua wakileta kitu nitawaambia kweli, hata ikiwa kweli hiyo inaniumiza mimi.

Nyinyi sasa mna simu, na mnadhani haya ni ya zamani. Kuna kurasa zinazokuulizeni kama mnataka kupokea taarifa zao, na kitufe kikubwa kimeandikwa ruhusu. Mnaruhusu ili kiondoke machoni, kisha mnashangaa matangazo yanakuja kama mvua ya masika. Ingieni kwenye mipangilio ya kivinjari, mtazame mmewaruhusu nani, mwafute. Kuna programu ya tochi inayotaka kusoma majina na namba zote za simu mlizohifadhi, na sijui tochi ina shida gani na shangazi zenu. Kabla ya kuigusa simu ya mtu, mwenyewe akiwa na haya usoni, msimuulize alikuwa akitazama nini. Muulizeni ilianza lini, na siku hiyo alitia nini, na nani alimtilia. Mtashangaa mara ngapi jibu litakuwa ni rafiki yake, au ni nyinyi.

Nina moja la mwisho. Baada ya kama mwaka mmoja, Ustadhi Faki alikuja tena chumbani. Alitaka programu ya kugeuza sauti, nzuri safari hii, maana kina mama walikuwa wameleta kaseti nyingi. Nilikuwa nayo tayari, kwenye flashi mpya. Aliifungua laptopu akaiweka mezani mbele yangu. Ndipo adhana ya adhuhuri ikalia.

Nilimtazama. Nilitaraji ataikunja aondoke nayo, na nisingelimlaumu. Alinyanyuka, akavaa kofia yake, akasema anakwenda kusali na kurudi. Laptopu akaiacha pale pale, iko wazi.

Niliichomeka flashi. Ukurasa wa kwanza ulipofunguka, niliweka mikono mapajani nikasoma kuanzia neno la juu. Alipotoka msikitini alinikuta niko ukurasa wa pili.